Kioo cha Bweni B

Wanafunzi walipokwenda likizo
walituachia kuta.
Mhasibu Ngimbudzi akatupa karatasi:
chokaa mifuko sita, rangi ya maziwa debe nane,
bango jipya la getini, maana Septemba kuna wageni.
"Mengine," akasema, "Mungu akipenda."

Njombe, mwezi wa saba, saa moja asubuhi:
sakitu imelala majanini kama unga uliomwagika,
maji ya pipa yameota ngozi.
Luhuvilo anaivunja kwa mpini wa fagio,
anapuliza vidole, anaulizia chai.
Saruji nayo haitaki kuamka.
Tunaikoroga polepole, kama uji wa mgonjwa.

Bweni B lina vitanda ishirini na vinne
na waliolala humo nawajua
ingawa hatujawahi kusalimiana.
Juu ya kila mto pana doa la kichwa,
mviringo wa mafuta ya nywele.
Wanaosoma usiku doa lao ni refu,
limepanda ukuta pamoja na mgongo.
Huyu alihesabu siku kwa msumari,
akafika arobaini na moja, akaacha:
alizoea, au aliondoka.
Yule alibandika picha kwa ugali;
panya wamekula ugali, na nusu ya picha.
Napiga msasa. Vumbi lao linaingia puani mwangu.

Kitanda cha kumi na saba ndicho kilichonisimamisha.
Soketi nyeusi, ukuta umeungua hadi kimo cha goti,
na nyuma ya kabati, limefichwa vizuri,
tofali moja lililochongwa mfereji wa kujipindapinda,
waya umelala humo kama utumbo wa mbuzi.
Hita.
Nilitafuta kosa la fundi, sikuliona.

Sheria ipo. Inasema marufuku.
Inasema atakayeona atoe taarifa, mhusika afukuzwe.
Luhuvilo akanitazama.
Mimi nikatazama juu:

dirisha la kitanda hicho halina kioo.
Lina gunia, lina boksi la sabuni,
lina nusu ya daftari la somo la malezi,
vyote vimesokomezwa kwa subira ya mtu anayetetemeka,
na bado upepo wa Kipengere unaingia
bila kubisha hodi,
unaketi kitandani.

Kwenye karatasi ya Ngimbudzi hakuna kioo.
Nilikwenda kuuliza. Akasema bango.
Nikasema kioo.
Akasema bango litakuwa na herufi za dhahabu.

Basi Ijumaa, ofisi nzima ikiwa kwenye kande,
nilipima ubao wa matangazo pale varandani:
inchi ishirini kwa kumi na sita.
Dirisha: ishirini kwa kumi na tano na nusu.
Ile nusu niliikata kwa almasi;
ikalia kidogo, ikakubali.
Puti, misumari midogo, kidole gumba.
Jioni upepo ukaja,
ukabisha, ukangoja,
ukarudi ulikotoka.

Tofali nimelijenga kwenye ngazi ya jikoni,
linakanyagwa kama tofali lolote.
Waya, Luhuvilo kafungia mlango wa banda lake la kuku.
Soketi nimenunua kwa pesa yangu ya ulanzi,
na Jumapili ile nilikunywa maji
nikawasikiliza wenzangu wakicheka.

Sasa rangi imekauka, kuta zimesahau.
Nimepita kitanda hadi kitanda nikiwa peku
nisichafue sakafu,
na kwa mara ya kwanza simjui yeyote.

Ngimbudzi anauliza nani kachukua kioo.
Nyuma yake sheria za bweni, kurasa mbili zenye muhuri,
zinapepea kwenye pini moja,
na umande wa alfajiri umeshayeyusha wino
wa kifungu cha nne, kile cha majiko na hita.

"Upepo, mzee," nikamwambia.
"Upepo wa huku hauna adabu."